Leo Isiyogeuka Jana

Mwezi Aprili 1955, mwanasaikolojia Brenda Milner alipanda treni ya usiku mjini Montreal, Kanada, akashuka Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alikuwa ameitwa na daktari wa upasuaji wa ubongo aje amtazame mgonjwa mmoja. Mgonjwa alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, anayejibu akiulizwa na kutabasamu akitaniwa. Milner akamuuliza leo ni lini. Akajibu kwamba ni Machi 1953. Una miaka mingapi? Miaka 27. Kwa kweli alikuwa na miaka 29. Muda mfupi kabla ya kuingia chumbani humo alikuwa amekaa akizungumza na daktari mwingine, Karl Pribram. Milner alipomuuliza kuhusu mazungumzo yale, kijana alishangaa: hakuna mtu aliyezungumza naye.

Mtu angeweza kudhani amerukwa na akili. Hapana. Kipimo cha akili kilimpa alama 112, wakati wastani wa watu ni 100. Hesabu alizifanya, mzaha aliuelewa, wazazi wake aliwajua, shule aliyosoma aliikumbuka. Lakini alikuwa anaweza kula chakula cha mchana, na baada ya nusu saa asiweze kutaja hata kitu kimoja alichokula. Familia yake ilikuwa imehamia nyumba nyingine miezi 10 kabla, naye bado alijiendea kwenye nyumba ya zamani. Jana alifyeka majani kwa mashine. Leo mama yake ilimbidi amwonyeshe tena mashine ilipo. Gazeti lile lile alilisoma leo, kesho na keshokutwa, na kila mara lilikuwa jipya kwake.

Kijana huyo aliitwa Henry Molaison. Kwa zaidi ya miaka 50 ulimwengu ulimjua kwa herufi mbili tu, H.M., na kwa herufi hizo aliingia katika karibu kila kitabu cha saikolojia kinachofundishwa duniani. Naandika habari zake kwa ajili ya vijana wa sekondari wanaoanza somo hili, kwa sababu naamini hakuna njia nzuri zaidi ya kuelewa kumbukumbu kuliko kumfuata mtu aliyeipoteza. Ila hatuwezi kuanza naye. Lazima kwanza tujue watu waliomtangulia walidhani kumbukumbu ni kitu gani.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikuwa kijana asiye na maabara wala wasaidizi alipookota, katika duka la vitabu vikuukuu mjini Paris, kitabu cha Gustav Fechner kilichoonyesha kwamba hisia za binadamu zinaweza kupimwa kwa hesabu. Akajiuliza: ikiwa hisia zinapimika, kwa nini kumbukumbu isipimike? Wakati ule wengi waliona ni jambo lisilowezekana. Mtu akikumbuka shairi, utajuaje nguvu imetoka wapi, kwenye shairi au kwenye maisha ya anayelisoma? Ebbinghaus akatafuta kitu kisicho na maisha ndani yake. Akatunga silabi zisizo na maana, konsonanti, irabu, konsonanti, kiasi cha 2,300. Kwa lugha yetu angepata taabu sana, maana silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na nyingi tayari ni neno au kipande cha neno: la, cha, kwa, pa. Tukisikia tu, akili inaanza kutafuta maana.

Mtu wa kujaribiwa alikuwa yeye mwenyewe. Aliketi na orodha zake akazisoma kwa sauti kwa mwendo wa saa inayogonga mara 150 kwa dakika, tena na tena, mpaka aseme orodha nzima bila kukosea. Halafu aliiacha kwa dakika 20, saa moja, siku moja, mwezi, kisha akairudia na kupima ameokoa kiasi gani cha ile kazi ya mwanzo. Alifanya hivyo mwaka 1879 na 1880, akarudia tena 1883 na 1884. Sijui ni wangapi kati yetu wangevumilia. Alichokipata alikichapisha mwaka 1885, na hadi leo hakijapinduliwa. Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa asilimia 58 tu. Baada ya saa moja, asilimia 44. Baada ya siku moja, 34. Lakini baada ya siku 31 bado alikuwa na asilimia 21. Yaani kusahau huanza kwa kishindo na baadaye hupunguza mwendo. Anayefunga daftari jioni na kujiambia atalirudia wiki ijayo ajue kwamba sehemu kubwa humtoka kabla hajalala.

Kuna jambo jingine katika kitabu kile ambalo wanafunzi huliruka, nami naliona kubwa kuliko lile la kwanza. Kwa orodha za silabi 12, kusoma mara 38 kwa kugawanya katika siku 3 kulimfaa Ebbinghaus sawasawa na kusoma mara 68 katika kikao kimoja. Walimu wa madrasa zetu za pwani walilijua hili bila maabara. Mtoto wa chuo hapewi sura nzima usiku mmoja. Hupewa aya chache, kesho yake husomeshwa mpya baada ya kudurusu za jana, na wiki ikiisha hurudi nyuma kabisa. Wanafunzi wanaokesha usiku wa kuamkia mtihani wakimeza kurasa 60 wanajitwisha mzigo uleule kwa njia nzito zaidi.

Ebbinghaus aliiondoa maana ili aione kumbukumbu ikiwa tupu. Mwingereza Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliona kwamba akifanya hivyo ameondoa kumbukumbu yenyewe. Aliwapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, hadithi ya vijana wawili wanaokutana na mitumbwi ya mashujaa, yenye mizimu na kifo cha ajabu, kisha akawaomba waisimulie baada ya dakika, siku, miezi na hata miaka. Haikubaki vilevile. Mitumbwi ikawa mashua. Vijana waliokwenda kuwinda sili wakawa wamekwenda kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo roho ya hadithi, iliyeyuka kwa sababu Mwingereza wa Cambridge hakuwa na mahali pa kuiweka. Na wasimuliaji hawakujua kwamba wamebadilisha. Waliapa kwamba ndivyo walivyosoma.

Bartlett aliyaandika haya mwaka 1932. Katika kitabu hichohicho kuna kisa cha bara letu. Alikuwa amefika Swaziland, nchi inayoitwa sasa Eswatini, na kusikia Wazungu wakisema kwamba Waswazi wana kumbukumbu ya ajabu kuliko watu wengine. Akampima kijana mdogo kwa ujumbe wa kupeleka kwa mdomo, akakuta hazidi wala hapungukiwi na mtoto wa Uingereza. Halafu akamuuliza mchungaji mmoja kuhusu ng'ombe ambao tajiri wake aliwanunua mwaka mmoja kabla. Mchungaji alitaja mnyama mmoja mmoja, rangi yake, bei yake, aliyemuuza, akakosea vijambo viwili tu visivyo na uzito. Hakuwa na daftari. Ng'ombe ndio walikuwa maisha yake, kila mmoja alikuwa na mahali pake tayari kichwani mwake kabla hata hajanunuliwa. Mkulima wa mpunga asiyefuga asingekumbuka hata nusu. Bartlett aliliita jambo hili skima, yaani ile mipango ya ujuzi wa zamani ambayo kila jipya huja kujipachika juu yake. Tulishike neno hilo. Tutakutana nalo tena mwishoni, mahali tusipotarajia.

Mwaka 1936 msichana mmoja wa Manchester alifika Cambridge kusoma hisabati, akaona hana kipaji cha kutosha, akahamia saikolojia katika idara iliyoongozwa na Bartlett. Ndiye Brenda Milner.

Upande wa pili wa bahari, Mmarekani Karl Lashley alikuwa akitafuta kumbukumbu imekaa wapi ndani ya ubongo. Aliwafundisha panya njia za vichochoro, kisha akakata sehemu za ubongo wao, hapa na pale, akitarajia kupata kipande ambacho kikitoka, njia nayo inatoka. Hakukipata. Kadiri alivyokata zaidi ndivyo panya alivyozidi kupotea, lakini hakuna kipande kimoja kilichobeba siri. Mwaka 1950, baada ya miaka 30 hivi ya kazi, aliandika kwamba kumbukumbu haionekani kuwa na makao. Mwanafunzi wake Donald Hebb, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1949 akidai kwamba seli mbili za ubongo zinazowaka pamoja mara kwa mara huimarisha kiungo baina yao. Lilikuwa wazo zuri sana, bila ushahidi wa kulishikilia. Mwanafunzi wa Hebb alikuwa Milner.

Basi hapo ndipo elimu ilipofika: kumbukumbu ni jambo moja, imetapakaa ubongo mzima, na kuitafutia nyumba ni kupoteza muda. Henry Molaison ndiye aliyevunja kauli hiyo, bila kukusudia na kwa gharama ambayo hakuna mtu angepaswa kuilipa.

Henry alizaliwa tarehe 26 Februari 1926. Utotoni aligongwa na baiskeli akaangukia kichwa, na alipofika miaka 10 hivi akaanza kupata vifafa vidogo, vya kuzubaa tu kitambo. Siku alipotimiza miaka 15, akiwa ndani ya gari na wazazi wake, alipata kifafa kikubwa cha kwanza, cha kukakamaa mwili mzima. Tangu hapo hali ilizidi. Shule aliiacha akairudia. Alipata kazi ya kiwandani, lakini kufikia mwaka 1953 vifafa vilikuwa vingi na vikali kiasi kwamba dawa zote zilishindwa na kazi haikuwezekana.

William Scoville, daktari wa upasuaji wa Hartford, alipendekeza operesheni ambayo yeye mwenyewe aliiita ya majaribio. Vipimo havikuonyesha ni upande gani wa ubongo kifafa kinaanzia. Ingekuwa wazi kwamba ni upande mmoja, angetoa upande huo tu na mwingine ungebaki. Kwa kuwa haikuwa wazi, alitoa pande zote mbili. Nasema bila kusita kwamba hapa alikosea, na yeye mwenyewe baadaye alikiri kosa hilo na kuwaonya madaktari wenzake wasilirudie. Tarehe 25 Agosti 1953, Henry akiwa macho, ngozi ya kichwa imetiwa ganzi, Scoville alitoboa matundu mawili juu ya nyusi, akainyanyua sehemu ya mbele ya ubongo, na kwa mrija akafyonza nyama iliyo ndani, nyuma ya panja, kulia na kushoto. Kati ya vilivyotoka ni sehemu kubwa ya kiungo kilichojikunja kama farasi wa baharini, ambacho kwa sababu hiyo wanaanatomia walikiita hipokampasi. Wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika kinafanya kazi gani. Wengine walidhani kinahusika na kunusa.

Vifafa vilipungua sana. Kwa maana hiyo operesheni ilifaulu. Lakini wauguzi waliomhudumia Henry asubuhi walikuwa wageni kwake mchana, na njia ya msalani ndani ya hospitali hakuweza kuishika. Mjomba wake aliyempenda alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Henry hakukumbuka kifo hicho. Mambo ya utotoni na ya shule yalibaki. Ya miaka ya karibuni yalifutika, na mapya hayakuandikika.

Scoville alipata habari kwamba huko Montreal, Milner pamoja na daktari Wilder Penfield wameona wagonjwa wawili waliopoteza kumbukumbu baada ya kukatwa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja la kushoto, akawaita. Ndipo ikaja ile treni ya usiku.

Nataka tukae kidogo ndani ya chumba kile cha Hartford, maana kuna majaribio mawili yaliyofanyika mbele ya Milner ambayo yanatosha kubadilisha fikra za mtu.

La kwanza ni la namba. Milner alimwambia Henry akumbuke 584, akamwacha peke yake. Aliporudi baada ya dakika 15 hivi, Henry alikuwa nayo. Aliipataje? Alieleza kwa furaha: 5, 8 na 4 ukijumlisha unapata 17, shika 8, itoe kwenye 17, inabaki 9, igawe 9, unapata 5 na 4, ndiyo hiyo, 584. Dakika zote zile alikuwa akiizungusha hesabu hiyo kichwani bila kuiacha iguse chini. Kisha Milner akabadilisha mazungumzo kidogo, akamuuliza tena. Henry hakujua namba. Hakujua pia kwamba kulikuwa na namba.

Hapo kuna mlango kati ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ndicho cha kushika jambo sasa hivi, wakati unalifanyia kazi: namba ya simu unayoisema moyoni mpaka uibonyeze, bei tatu unazozijumlisha sokoni. Chumba hicho kwa Henry kilikuwa kizima. Mwaka 1956, mwaka mmoja baada ya treni ya Milner, Mmarekani George Miller alionyesha kwamba chumba hiki ni kidogo, hubeba vitu 7 hivi, pungufu au zaidi kwa viwili. Ila kitu chenyewe unaweza kukipanua: mtu akikutajia namba ya simu tarakimu moja moja, zinakushinda, akizifunga tatu tatu, zinaingia. Ndivyo sisi sote tunavyotaja namba zetu, na sababu ndiyo hiyo. Kutoka chumba hicho, jambo hupita hadi chumba cha pili ambamo mambo hukaa miaka. Henry alikuwa na chumba cha kwanza, na cha pili chenye mambo ya zamani nacho alikuwa nacho. Kilichotolewa kwa ule mrija ni mlango.

Jaribio la pili ndilo lililomshangaza Milner mwenyewe. Alichora nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, akamwambia Henry apitishe kalamu katikati ya mistari hiyo bila kutoka nje. Lakini hakuruhusiwa kuitazama karatasi wala mkono wake moja kwa moja; aliviona ndani ya kioo tu. Wakati fulani niliwapa vijana wa kidato cha nne jaribio hili, kwa kioo cha kunyolea kilichosimamishwa kwa vitabu viwili na bahasha ya kukinga mkono. Binti mmoja, mchoraji hodari wa darasa, alifika kwenye ncha ya kwanza ya nyota akakwama. Alitaka kalamu iende kushoto ikaenda kulia. Akaisukuma mbele ikarudi kwake. Mkono ukaanza kutetemeka pale pale kama uliokamatwa. Alicheka, akakasirika, akarudia. Mara ya tisa alizunguka nyota nzima kwa mstari karibu safi.

Henry naye alifanya hivyo mara 10 kwa siku, siku 3 mfululizo. Siku ya kwanza alitoka nje ya mistari kila kona kama sisi sote. Makosa yakapungua. Siku ya pili hakuanza upya. Aliendelea pale alipoachia. Siku ya tatu mkono wake ulizunguka nyota karibu bila kosa. Na kila siku Milner ilimbidi amweleze upya kazi ni nini, maana Henry hakukumbuka kuiona nyota hiyo wala kioo hicho maishani. Alipomaliza vizuri siku ya mwisho, mwenyewe alistaajabu: alidhani kazi kama hii ingekuwa ngumu zaidi.

Mkono ulijifunza, mwenye mkono hana habari. Maana yake ni kwamba kumbukumbu ya kufanya, ile ya kuendesha baiskeli, kusuka ukili, kupiga chapa kwenye kibodi, ina njia zake ndani ya ubongo, mbali na hipokampasi. Milner alichapisha matokeo hayo mwaka 1962. Ripoti ya kwanza, aliyoiandika pamoja na Scoville, ilikuwa imetoka mwaka 1957. Kwa makala hizo mbili ile dhana ya kumbukumbu moja iliyotapakaa kote ilianguka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, nami nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1972 Endel Tulving, wa Toronto, alitenganisha kumbukumbu ya matukio, yaani nilikuwa wapi na nani, na kumbukumbu ya maarifa, yaani mji mkuu wa Ufaransa ni upi. Mwaka 1973, mjini Oslo, Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha katika hipokampasi ya sungura kwamba kiungo kati ya seli kikichochewa kwa nguvu hubaki kimeimarika kwa saa nyingi. Hebb alikuwa amepata ushahidi wake. Eric Kandel alilifuatilia jambo hilo hadi ndani ya seli za konokono wa baharini, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Urithi wa Bartlett nao uliendelea, na hapo lazima nipunguze mwendo, kwa sababu unagusa mahakama na maisha ya watu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakauliza magari yalikuwa yakienda kasi gani. Kikundi kimoja kiliulizwa "yalipogusana", kingine "yalipopondana". Filamu ile ile. Walioulizwa kwa neno la kwanza walikadiria kama maili 32 kwa saa. Wa neno la pili, kama maili 41. Katika jaribio lililofuata wanafunzi 150 walirudishwa baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Katika kikundi cha watu 50 waliosikia "kupondana", 16 waliviona. Katika kikundi ambacho hakikuulizwa lolote kuhusu kasi, watu 6 tu. Neno moja katika swali liliingia ndani ya kumbukumbu na kuvunja vioo. Shahidi anayesimama kizimbani akisema kwa dhati kile asichokiona si lazima awe mwongo, na kijana anayesoma haya akiwa hakimu au polisi kesho, namwomba asilisahau hili.

Turudi kwa Henry. Mwaka 1962 alipelekwa Montreal, na mwanafunzi wa Milner, Suzanne Corkin, akaanza kumpima. Corkin baadaye alihamia taasisi ya MIT karibu na Boston, na akaendelea kumwona hadi kifo cha Henry, kwa muda wa miaka 46. Katika miaka yote hiyo Henry hakuwahi kumjua ni nani. Sura yake ilimjia kama ya mtu aliyesoma naye sekondari. Tangu mwaka 1980 aliishi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Windsor Locks. Alipenda mafumbo ya maneno ya magazetini, yale ya miraba, na kitabu chake cha mafumbo hakikuwa mbali naye.

Ni mafumbo hayo yaliyomrudisha Bartlett mlangoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walimtengenezea Henry mafumbo ya aina tatu. Katika moja, majibu yalihusu mambo ya kabla ya mwaka 1953, hayo aliyajua. Katika jingine yalihusu mambo ya baada ya mwaka huo. Hayo, hata arudie siku ngapi, hakuyapata. Lakini kulikuwa na fumbo la tatu, lililofunga jambo jipya kwenye jambo la zamani: ugonjwa wa watoto uliodhibitiwa na chanjo ya Salk. Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa salama na yenye kufaa mwezi Aprili 1955, mwezi uleule Milner aliposhuka treni, na Henry asingeweza kuijua. Polio, lakini, aliifahamu tangu utotoni. Siku baada ya siku fumbo hilo likaanza kumtii. Jipya lilikuwa limepata mahali pa kujipachika, ile skima ya Bartlett, kama ng'ombe wa yule mchungaji wa Eswatini, ndani ya ubongo usio na mlango.

Nikiwafundisha vijana, hapa ndipo huwaambia waweke kalamu chini. Kama Henry aliweza kuokoa kitu kwa kukifunga kwenye jambo alilokwisha kulijua, mwanafunzi mwenye ubongo mzima anayemeza mistari isiyoshikana na chochote ana kisingizio gani?

Henry alifariki tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na miaka 82. Usiku uleule ubongo wake ulipigwa picha mjini Boston, kisha ukasafirishwa hadi San Diego. Desemba 2009, Jacopo Annese na wenzake waliugandisha na kuukata kwa saa 53 mfululizo katika vipande 2,401, kila kimoja chembamba kama unywele, huku maelfu ya watu wakitazama kupitia intaneti. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imebaki, zaidi kuliko Scoville alivyodhani, na kwamba kulikuwa na jeraha jingine dogo mbele, upande wa kushoto, ambalo hakuna aliyelijua.

Baada ya kifo chake jina lake kamili lilitangazwa kwa mara ya kwanza. Akiwa hai, Corkin na wenzake walimweleza mara nyingi kwamba kazi yake inawasaidia watu wengine. Kila mara Henry alifurahi kusikia, akasema ndivyo alivyotumaini. Kisha mazungumzo yakageukia jambo jingine.